Miwani ya Fundi na Video ya Kupamba

Hakuna mtu Kisauni ambaye hajakalia kiti changu. Sisemi kwa kiburi, nasema jinsi mambo yalivyo. Ukioa umekikalia, ukifiwa umekikalia, mgombea akija kuomba kura amekikalia. Hata wale waliokuwa wakinicheka nilipoacha shule darasa la nne, leo wana digrii zao ukutani, lakini wakialikwa maulidini wanaketi juu ya plastiki yangu nyekundu na kuniuliza kama kuna kingine kisichoyumba. Nilianza Junda na viti vya kuazima na mkokoteni usio na breki. Leo nina viti, maturubai, taa, jenereta, masufuria ya pilau ambayo mtu mzima aweza kuogea ndani, na ofisi yenye kompyuta.

Kompyuta sikuinunua kwa kuwa naijua. Niliinunua kwa kuwa mteja akiingia akaiona mezani, hathubutu kuomba kupunguziwa bei. Kwa kazi hiyo imenifaa sana, hata ikiwa imezimwa.

Jambo jingine ambalo msomaji apaswa kulijua ni alama yangu. Viti vyekundu vinakodishwa na watu wengi huku kwetu, na shughuli ikiisha huchanganyika. Kwa hiyo kila kiti changu kina mstari mweupe na nukta, kwa rangi ya mafuta, chini ya kikalio. Nikija kukusanya sibishani na mtu. Napindua kiti, natazama tako lake, changu nachukua. Wapo wanaosema huwa napindua kabla watu hawajamaliza kulia. Mimi nasema, kama gari langu lina arusi Likoni jioni, feri haitaningoja kwa sababu wewe umefiwa.

Sasa basi. Asubuhi moja nikaisikia kompyuta inalia. Tak. Tak. Tak. Kama mtu anayegonga ubao kwa ukucha. Jenereta ikilia naijua, ni plagi au ni mafuta machafu. Nikaipiga kompyuta kofi la ubavuni, ikanyamaza.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Kila mashine yataka mwenyewe."

Kesho yake ikalia tena, na safari hii kofi halikusaidia kitu. Nikampigia fundi mmoja wa Changamwe, mtu wa bara aliyekaa pwani miaka mingi, nikaisogeza simu karibu na kompyuta ili asikie mwenyewe.

"Mzee, zima hiyo kitu," akasema. "Zima saa hii. Hiyo ni diski inakufa, na ikikufa na vitu viko ndani, utalia kama mtoto."

Akanieleza, nami nikaelewa upesi kuliko wengi. Diski ndiyo ghala la kompyuta. Kile kioo ni mlango tu, mali yote imo diskini. Ghala likianza kubomoka, unanunua ghala jipya, unaliweka kando ya lile bovu, unahamisha kila kilichomo, kisha bovu unalitoa na jipya unalitia mahali pake. Nikamwambia kuhamisha vyombo ndiko kulikonijengea nyumba, hanifundishi.

Nikanunua diski mwenyewe. Muuzaji alitaka kunipa nyingine, ati kubwa zaidi. Nikakataa. Sufuria yangu ikitoboka nanunua ya kipimo kilekile na ya kiwanda kilekile, ili kifuniko kikubali. Nikachukua diski pacha kabisa wa ile ya zamani. Nilijiona mjanja.

Niliporudi nayo, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani ataigusa hiyo kompyuta?"

"Fundi."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Basi haigusi."

Hapa lazima nieleze kilichokuwamo. Hesabu za viti hazikuwamo, hizo ziko kichwani mwangu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na video ya kupamba ya binti yetu. Kupamba, kwa asiye wa kwetu, ni ile shughuli ya wanawake peke yao, bibi arusi anapowekwa kwenye jukwaa amerembeka, na wanawake wote wa mtaa wamevua mabuibui, wamejitia dhahabu na wanacheza. Mwanamume haingii. Simu zinaachwa mlangoni. Anayepiga video ni mwanamke, na kwa makubaliano ya kina mama wote waliohudhuria, video ile ilitolewa nakala moja tu. Haikutiwa kwenye simu, maana simu hushikwa na waume. Iliingizwa kwenye kompyuta yangu na mke wangu, mahali anapopajua yeye, kwa neno la siri analolijua yeye. Mpiga video akaifuta kwake. Tangu hapo, kila Ijumaa sisi wanaume tukiwa msikitini, wanawake walijifungia ofisini mwangu wakaitazama.

Mwaka haukuisha baada ya arusi ile, mamangu akafariki, Mungu amrehemu. Mamangu hakupenda picha. Iliyobaki kwetu ni ile ya kitambulisho, ambayo amenuna kana kwamba mpiga picha amemkanyaga. Lakini kwenye kupamba alicheza. Wote waliniambia alicheza. Nikamwomba mke wangu nimwone mamangu walau mara moja.

"Mamako ni halali yako," alinijibu. "Lakini amezungukwa na wake za watu, vichwa wazi. Nitawajibu nini?"

Nikaliacha ombi langu. Lakini wallahi, nilikuwa nikipita mbele ya ofisi, moyo wangu watulia, kwa kujua mamangu yumo mle ndani, anacheza. Sasa mle ndani mlikuwa mkigonga tak, tak.

Tulimtafuta fundi mwanamke. Tulimpata mmoja Bamburi, hodari, lakini alikuwa amejifungua na yumo ndani, arobaini haijaisha. Mke wangu akataka tumpelekee kompyuta kitandani. Mamake fundi yule akauliza kupitia dirishani kama sisi ni wazima, akafunga dirisha. Tukarudi nayo mapajani.

Ndipo mke wangu akaita kikao: yeye, dada yangu mkubwa, na jirani yetu, mjane ambaye kwenye kupamba kule, nilivyosikia, ndiye aliyevaa kilichozungumzwa mpaka leo. Wakakata shauri. Fundi wa Changamwe aje, lakini kwa masharti.

Akaja Jumamosi asubuhi, mtu mnene, mchangamfu, na miwani minene kama vitako vya gilasi. Hajaketi, ameshanieleza kwamba ofisi zote kubwa za bandarini zinamtegemea yeye, na kwamba siku moja asingefika, meli ingekaa bila kupakuliwa. Nikamwambia meli ikikaa, watu watakaa kwenye viti vyangu. Tulielewana papo hapo.

Dada yangu akatoa kichwa nyuma ya turubai tulilokuwa tumelitundika kugawanya ofisi.

"Salama, fundi? Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Alhamdulillahi. Vua miwani."

"Nivue nini?"

"Miwani, baba. Kompyuta hii ukiiwasha hutoa vijipicha vyenyewe, bila kuulizwa."

"Mama, hii si kofia. Hii ndiyo macho."

"Ndiyo maana twaitaka."

Fundi akanitazama. Nikatazama dari. Akavua, mke wangu akaichukua akaitia kibetini mwake. Dada yangu akainua mkono mbele yake.

"Vidole vingapi?"

"Vidole gani? Wewe mwenyewe uko wapi?"

Dada yangu akaridhika.

Lazima niseme ukweli, kwa mikono yule bwana alikuwa fundi. Aliifungua kompyuta kwa kupapasa, skrubu moja moja akinipa mimi nishike. Ile diski ya zamani akaiacha mahali pake, mpya akaiunga kwa waya pembeni. Stima za Kisauni nazijua tabia zake, kwa hiyo nilikuwa nimewasha jenereta tangu mwanzo, kubwa, ile ya arusi, ikinguruma uani kama tunamwoza mtoto wa waziri. Majirani wawili wakaja kuuliza pilau ni ya saa ngapi.

Fundi akatia programu yake ya kunakili. Kioo kikatoa mistari miwili.

"Mzee, nisomee hapo. Ya juu imeandikwa nini?"

Nikaisogelea. Mimi nasoma, nasoma vizuri, lakini ile haikuwa lugha ya watu. Herufi, namba, herufi, kama kibao cha gari kilichorefushwa.

"Imeandikwa kama kawaida," nikasema.

"Na ya chini?"

"Kawaida vilevile."

Mke wangu, aliyefika darasa la nane na hataki tusahau, akatoka nyuma ya turubai akasoma yeye. Akasema mistari yote miwili ni sawasawa, neno kwa neno, isipokuwa mwishoni kuna vinamba vidogo vidogo ambavyo havimwambii kitu.

"Kwa nini zifanane?" fundi akauliza. "Nani alinunua hii diski?"

Nikajitia kuhesabu skrubu nilizoshika.

"Sikizeni," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua. "Hii kitu inanakili upande mmoja tu. Nikiambia itoe kwa nzee, hii ya zamani, ipeleke kwa mpya, sawa. Nikikosea, itatoa kwa ile tupu ipeleke kwa ile imejaa. Inafuta kila kitu. Inajaza utupu."

Tukasikia tak, tak.

"Mpe miwani," nikamwambia mke wangu.

Akafikiri. Akatazamana na wenzake. Jirani akatikisa kichwa, dada yangu akakubali kwa shingo upande. Mke wangu akafungua kibeti, akamnyoshea fundi miwani yake. Na yule bwana, mtu wa meli kukaa, akakunja mikono.

"Sasa sitaki."

"Chukua, fundi."

"Sitaki, mama. Nimeambiwa nifanye nikiwa kipofu, nafanya nikiwa kipofu. Kwa kawaida nzee hukaa juu." Mkono wake ukaanza kutambaa kuelekea kipanya.

Nikaudaka mkono ule hewani.

"Kwa kawaida?"

"Kwa kawaida, mzee. Mara nyingi."

Mara nyingi! Mamangu yumo mle ndani, mguu mmoja juu anacheza, na huyu aniambia mara nyingi. Ndipo akili yangu, ambayo hakuna mwalimu aliyeitia kitu, ikafanya kazi. Nikifunga taa kwenye turubai, waya ishirini zikiwa zimesukanika kama tambi na sijui ipi ni ya taa ipi, sisomi kitu. Nachomoa moja, natazama taa ipi imezimika.

"Chomoa diski mojawapo," nikamwambia. "Mstari utakaopotea, ndiyo hiyo uliyochomoa."

Fundi akaipapasa ile diski ya zamani. Kisha akasema, "Nzee haichomolewi. Ikisimama inaweza kataa kuamka."

"Nani amekwambia uchomoe mgonjwa? Chomoa mpya."

Akaufuata waya kwa vidole mpaka mwisho, akachomoa. Sote tukakitazama kioo, fundi naye akikitazama kwa heshima tu.

Mstari wa juu ukapotea.

Ile ya zamani, yenye binti yangu na mamangu na dhahabu ya mtaa mzima, ilikuwa chini, na mkono wa fundi ulikuwa umebakiza upana wa kipanya kuijaza utupu.

"Mzee," fundi akasema hatimaye, "nilikuwa nakupima tu."

Akachukua miwani, akaichomeka tena diski mpya. Mke wangu akamwacha akae na miwani mpaka abonyeze; alipobonyeza tu, akamnyang'anya tena.

Kunakili kukaanza. Palitokea kijimstari cha kijani kikasogea kama mzee anayetoka msikitini: hatua, akasimama, akamsalimia mtu, hatua. Kila kilipokwama, diski iligonga. Dada yangu akaanza kusoma Yasini.

"Yasini husomewa wanaokata roho," mke wangu akamwambia.

"Kwani hii yafanya nini?"

Tukala hapo hapo. Adhuhuri tuliswali kwa zamu ili kompyuta isibaki peke yake na fundi, japo fundi hakuona hata sahani yake, nikawa nikimwongoza mkono kwenye wali. Alisema wali wetu ni mtamu, lakini angependa kujua kama ile nyingine ilikuwa kuku au samaki. Kati ya Alasiri na chai kijimstari kikafika mwisho, na ile diski ya zamani, kana kwamba ilikuwa ikingoja ruhusa, ikagonga mara moja kwa nguvu, ikanyamaza. Haijasema tena mpaka leo.

Fundi akaitoa, akatia mpya mahali pake, akarudisha skrubu. Kompyuta ikawaka upesi mpaka nikaingiwa na shaka.

"Sasa lazima tuhakikishe," akasema. "Faili kuonekana si kitu. Ifunguliwe ichezwe, tujue imekuja nzima."

Hapo sasa wanaume tukatolewa. Fundi akawekwa kwenye kiti, uso ukutani. Mimi nikawekwa kando yake, uso ukutani vilevile, ndani ya ofisi yangu mwenyewe. Nyuma yetu turubai, nyuma ya turubai wanawake watatu na kompyuta. Nikasikia mke wangu akiandika neno la siri, tena kwa kukohoa ili tusihesabu herufi.

Kisha ngoma. Vigelegele. Jirani akasema, "Jamani, ile gauni!" Dada yangu akamwambia ajinyamazie, hana haya. Wakasonga mbele, wakarudi nyuma, wakasonga. Ghafla nikasikia sauti iliyonilea.

"Nyanyuka, mama! Nyanyuka nitazame! Lia umesimama!"

Wanawake wa kwenye video wakaangua kicheko, na wale watatu wa nyuma ya turubai wakaangua pamoja nao.

Nikaelewa mambo mengi kwa mara moja. Kwa nini kila nikipita, kina mama walikuwa wakiniuliza, "Bwana viti, niinuke?" Kwa nini Ijumaa nikitoka msikitini nilikuta vicheko vikitoka ofisini mwangu. Mimi nilidhani ni umaarufu. Kumbe mamangu, mbele ya mtaa mzima, alikuwa akiniigiza mimi.

"Umesikia?" nikamnong'oneza fundi.

"Bila miwani sisikii, mzee."

Nikainuka. "Mke wangu," nikasema nikiutazama ukuta, "nataka kumwona."

"Twalijua hilo. Lakini..."

"Diski ingekufa leo na mimi sijamwona. Fanyeni mnavyojua, lakini nataka kumwona."

Nikasikia minong'ono. Kisha nikasikia leso, zile kanga zao, zikikung'utwa.

Walichofanya hakijawahi kufanywa popote, na kama kimefanywa wasiseme. Walikifunika kioo kwa leso mbili, mke wangu upande huu na dada yangu upande huu, wakaacha tundu katikati la upana wa kiganja, pale aliposimama mamangu. Jirani akawa msimamizi, kidole hewani. Nikaitwa.

"Kulia! Asogea kulia!" jirani akapiga kelele, na leso zikakimbia. "Chini, ainama! Funika yule, funika yule wa kijani! Ni mimi yule!"

Nilimwona mamangu kwa vipande. Nusu ya uso. Kiwiko. Mguu wenye hina, ukinyanyuka. Alipokwenda kushoto, tundu lilichelewa, nikaona upindo wa leso tu na maandishi yake kinyumenyume. Lilipomfika alikuwa tayari amegeuka, nikauona mgongo. Alitembea kama mimi. Sikuwa najua natembea hivyo, tumbo mbele na mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride. Akamfikia mwanamke aliyeketi, ambaye mimi nilimwona goti tu, goti lililositiriwa, akamwinua, akakishika kiti, akakipindua. Leso zikatulia. Tundu zima likawa kikalio cha plastiki nyekundu, na juu yake mstari mweupe na nukta.

Mamangu akaingia tena kwenye tundu, sasa uso mzima, akihema, akicheka meno yake yote yaliyobaki. Uso ule wa kitambulisho haukuwepo. Akaipangusa ile alama kwa ncha ya mtandio, kama anavyopanguswa mtoto makamasi. Akakigeuza kiti, akakisimamisha, akakipigapiga.

"Chake hiki," akawaambia. "Hakitavunjika. Kaa."

"Basi, basi, waja wengine," jirani akasema, na tundu likafungwa.

Sikuwageukia. Nilijifanya naikagua jenereta, nikaenda uani nikakaa nayo kidogo, maana jenereta haiulizi mtu mbona macho mekundu, moshi wake watosha. Niliporudi fundi bado alikuwa ameutazama ukuta.

"Mzee, imekubali?"

"Imekubali."

"Basi waambie wanipe macho yangu. Nina meli."

Diski mpya nimeipiga alama yangu, mstari na nukta, kabla kompyuta haijafungwa. Ile iliyokufa mke wangu ameifungia sandukuni, anasema hata maiti ina stara yake.

Jumatano iliyofuata kulikuwa na msiba Junda, na nilikuwa na shughuli Likoni jioni. Nikafika na gari kukusanya. Kina mama waliokuwa wameketi barazani wakaniona, wakatazamana, na mmoja baada ya mwingine wakainuka, wakapindua viti vyao wenyewe kunionyesha alama, wamebana midomo wasicheke mbele ya wafiwa. Jirani yetu alikuwa wa kwanza.

"Vyote vyako, bwana viti. Chukua."

Dereva wangu akashuka tayari kupakia. Nikamrudisha garini.

"Kaeni," nikawaambia. "Lieni mmekaa."

Feri tuliikosa. Likoni bwana arusi alisubiri amesimama, na nikamwambia kwamba bibi arusi wake atampenda zaidi akimkuta wima.